Nilivyomtembeza Baba Cheltenham

Baba alipokuja kututembelea kutoka Tanga, siku ya tatu tu aliniuliza, "Hapa mnapoishi, zamani palikuwa na nini?" Amefundisha historia mpaka alipostaafu, na kila anakofika lazima aulize hilo. Nilikosa jibu. Mwaka wa tisa huu niko Cheltenham, kitongoji kinachopakana na Philadelphia upande wa kaskazini, na nilichokijua ni duka, shule ya watoto na kituo cha treni cha Elkins Park.

Nikamwomba wiki moja. Kila jioni nikitoka kazini nilipita maktaba, nikasoma, nikachora njia kwenye karatasi.

Jumamosi ya kwanza nilikosea. Nilianza na vikubwa. Nikampeleka Lynnewood Hall, jumba la vyumba 110 alilojijengea tajiri Peter Widener mwishoni mwa karne ya 19. Tukiwa nje ya uzio nikamsimulia jinsi mwanawe George na mjukuu wake Harry walivyokufa katika ajali ya Titanic mwaka 1912. Baba akasema, "Masikini," kisha nikaona anatafuta pa kukaa. Sinagogi la Beth Sholom lilimchangamsha kidogo, kwa lile paa linalopanda kama mlima na kupitisha mwanga. Alilichora msanifu majengo Frank Lloyd Wright, akafariki mwaka 1959, miezi michache kabla halijafunguliwa. Lakini goti lilishaanza kumuuma. Tukarudi.

Usiku ule nikaifuta ile njia yote nikabakiza mahali pamoja: La Mott. Jumamosi iliyofuata nilibeba kiti cha kukunja na chupa ya chai ya tangawizi, tukaenda kwa gari na mwanangu wa miaka kumi na miwili.

Ukipita haraka La Mott huoni kitu. Ni nyumba za kawaida na miti. Lakini hapo ndipo ilipokuwa Camp William Penn, kambi iliyofunguliwa mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuwafunza askari weusi. Karibu watu 11,000 walipita pale, vikosi 11. Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyekuwa msemaji mkubwa wa kupinga utumwa, alifika kuwahutubia, na mwaka 1865 akaja Harriet Tubman, yule mama aliyetoroka utumwani kisha akawasaidia wengine kutoroka. Ardhi ilikuwa ya mkwe wa Lucretia Mott, yule mama wa madhehebu ya Quaker aliyepinga utumwa maisha yake yote. Alikuwa jirani kabisa na kambi. Dini yake ilikataa vita, na bado alikwenda kuzungumza na wale vijana. Hapo nilisita sana nilipokuwa nasoma, na bado namfikiria.

Baada ya vita viwanja vikauzwa, weusi na weupe wakajenga, mahali pakaitwa Camptown. Jina la La Mott, kwa heshima ya yule mama, lilikuja baadaye.

Baba akaweka kikombe chini. "Camptown? Basi hii ni Kariakoo!"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Kariakoo ya Dar es Salaam nayo ilipata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa Carrier Corps, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Akaanza kumweleza mjukuu wake habari za wapagazi wale, jinsi walivyokufa kwa maradhi na uchovu, na mtoto, ambaye Kiswahili chake ni cha kukatakata, alimsikiliza bila kugusa simu.

Tukasogea kwenye kibao cha kumbukumbu, cha buluu chenye herufi za dhahabu, pale Sycamore Avenue. Baba alikuwa ameisahau miwani. Akavua kofia, akashika nguzo ya kibao kwa mkono mmoja, akamwambia mjukuu amsomee. Mtoto akasoma mbio mbio mpaka mwisho.

"Soma tena, babu," akasema Baba. "Polepole."