Siku 14 na stika ya moyo kifuani, halafu zikaja bili tatu

Karibu mwaka mzima moyo wangu ulikuwa na kamchezo, unadunda vizuri tu halafu ghafla unaruka pigo, unaanza kwenda mbio dakika kadhaa, kisha unatulia kama hakuna kilichotokea. Nikienda kupimwa ECG (kile kipimo cha umeme wa moyo) naambiwa moyo uko sawa. Sasa ile ECG ya kulala kitandani inarekodi kama sekunde 10 tu, na moyo unadunda kama mara laki moja kwa siku, kama tatizo linakuja usiku wa manane tena mara moja kwa wiki hizo sekunde 10 zitalikuta wapi?

Ndo dokta akasema nivae kipimo cha kutembea nacho. Kuna Holter, ile ya waya na kiboksi, mara nyingi unakaa nayo masaa 24 mpaka 48 (imepewa jina la Norman Holter wa Marekani, ya kwanza kabisa alikuwa anaibeba mgongoni, kilo 38 hivi!). Halafu kuna stika moja tu inabandikwa kifuani kushoto, hiyo inakaa hadi siku 14. Mimi nikapewa stika manake dalili zangu haziji kila siku.

Nesi alinisugua ngozi na kitu kama msasa laini mpaka pakaanza kuwaka, anasema ngozi ikiwa na mafuta stika haishiki na rekodi inakuja haisomeki vizuri. Siku ya tano muwasho ukaanza, na huwezi kukuna, nikawa napigapiga pembeni kwa kiganja. Kuoga ni haraka haraka, maji unayapa mgongo. Katikati ya stika kuna kitufe, ukisikia chochote unabonyeza halafu unaandika kwenye daftari saa ngapi na ulikuwa unafanya nini. Jamani andikeni, msione uvivu. Usiku wa siku ya tisa, saa nane na dakika arobaini, nikashtuka usingizini moyo unakimbia balaa, nikabonyeza, nikawasha taa nikaandika "nilikuwa nimelala, moyo mbio, mikono inatoka jasho".

Majibu yalipotoka dokta akanifungulia dakika ile ile kwenye skrini. Mapigo yako shaghalabaghala, hakuna umbali unaofanana kati ya pigo na pigo. Akanieleza kwamba vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka tu badala ya kusukuma, damu inaweza kuganda humo ndani na bonge likipanda kichwani ndo kiharusi. Nilinyamaza kwanza. Sasa hivi niko kwenye dawa ya kuzuia damu isigande, na kusema ukweli naishukuru sana ile stika.

Ila malipo ndo yaliniumiza. Nilijua ni bili moja, zikaja tatu kwa nyakati tofauti: ya kifaa na kubandikwa, ya wale wanaochambua rekodi (siku 14 ni mapigo zaidi ya milioni, programu inapitia halafu na mtu anapitia), na ya daktari wa moyo aliyesoma ripoti akasaini. Bima ikalipa ya kwanza na ya tatu, ya uchambuzi ikakataa, sababu kibali kilichoombwa kwao kiliandikwa masaa 48 na mimi nimevaa wiki mbili. Aliyejaza fomu alikosea, lakini jina lililo kwenye bili ni langu. Kwa hiyo wewe unayeenda kubandikwa, kabla hujavua shati uliza kibali kinasema siku ngapi na bili zitakuwa ngapi, na kama wamekusainisha kwamba kifaa kikipotea unalipa wewe, ukikirudisha dai risiti uitunze.

Wengi wananiuliza si ningenunua tu saa ya mkononi. Saa inamulika taa ya kijani kuangalia damu inavyopita, na zile zenye ECG zinarekodi sekunde 30 tu, tena mpaka uiguse na kidole. Inaweza kukushtua, hilo sikatai, lakini mimi usiku ule nilikuwa usingizini.

Ile bili ya uchambuzi sijalipa mpaka leo. Dokta ameniandikia barua ya kukata rufaa kwa bima kueleza kwa nini masaa 48 yasingetosha, nimeiambatanisha na kopi ya ule ukurasa wa saa nane na dakika arobaini, nasubiri jibu la bima.