Pepo ya Firdausi

Tangu bibi atutoke, kila anayekuja kutupa pole anamwombea: "Mwenyezi Mungu amjaalie Pepo ya Firdausi." Jana usiku nikalifuatilia neno hilo, Firdausi. Kurani imelitaja mara mbili, lakini mzizi wake ni Uajemi ya kale: pairi, kuzunguka; daeza, ukuta. Yaani bustani iliyozungushiwa ukuta! Wagiriki nao wakalichukua, wakaita paradeisos.

Nikauona ua wa bibi. Kuta za mawe ya matumbawe, mrihani pembeni, mtungi wa maji kivulini, na asumini aliyokuwa akiichuma jioni ingali vikonyo, kabla haijafunguka. Nje jua na vumbi. Ukivuka kizingiti tu, upepo.

Nimelia mpaka alfajiri. Bibi yangu, Inshallah uko bustanini.