Timu changa ikifungwa mfululizo: nilivyotenganisha kosa la kocha na utoto wa wachezaji

Uongozi wa timu yetu ya kikapu ya vijana chini ya miaka 18, hapa Dar es Salaam, ulikuwa umeshaandika barua ya kumwondoa kocha. Mimi ndiye mweka takwimu, nikaomba mechi sita kabla barua haijatoka.

Ubao wa matokeo haukusaidii hapa, maana timu inayokimbia sana hufungwa pointi nyingi hata siku iliyolinda vizuri. Nilianza kwa kuhesabu mashambulizi: mitupo yote ya uwanjani, toa ribaundi za kushambulia (mipira tuliyoidaka wenyewe baada ya kukosa), jumlisha mipira iliyopotea, jumlisha mitupo huru mara 0.44. Mitupo 62, ribaundi 12, mipira iliyopotea 21 na mitupo huru 18 vinakupa mashambulizi 79. Ukiwa umefunga pointi 52, hiyo ni kama pointi 66 kwa mashambulizi 100. Wengi hukosea kwenye ribaundi: kijana akikosa, akaudaka, akatupa tena, hilo bado ni shambulizi moja.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye mipira iliyopotea. Kila mmoja niliupa herufi. M ni mkono: kaudondosha, kaudundisha mguuni, kapiga hatua. W ni wenzake: pasi imekwenda kona, mwenzake kakimbilia kikapuni. N ni nafasi: mwenye mpira kabanwa na watu wawili, na ukiinua macho unaona wenzake watatu wamerundikana upande ule ule wakiomba pasi. M simpi kocha, ule ni umri na mazoezi ya mtu binafsi. N ni yake moja kwa moja. W inagawanyika: ikijirudia kwenye mpango ule ule wa kurusha mpira ndani, mpango haujafundishwa, ikitokea ovyo ovyo, ni vijana.

Kisha nikaweka alama kwenye shambulizi la kwanza baada ya kila taimauti, yaani mapumziko ya dakika moja anayoomba kocha, yetu au yao. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, kila timu ina mbili kipindi cha kwanza na tatu cha pili, kwa hiyo mechi sita zinakupa mifano ya kutosha. Hapo kocha kashika kalamu na ubao dakika nzima. Kama shambulizi hilo si bora kuliko mengine, ujumbe haufiki. Kwetu haukuwa bora. Nilisogea benchi kusikiliza: maagizo matano ndani ya sekunde 60. Kijana wa miaka 16 anayehema anabeba moja, akijitahidi mawili.

Mjumbe mmoja wa uongozi, aliyeamini dawa ni kubadilisha kocha, alinitolea mfano wa Detroit Pistons ya NBA, ligi ya Marekani. Msimu wa 2023/24 chini ya Monty Williams walishinda 14 na kufungwa 68, 28 kati ya hizo mfululizo. Uliofuata, kwa J.B. Bickerstaff, wakashinda 44. Sawa, lakini kiangazi hicho waliingia pia Tobias Harris, Tim Hardaway Jr. na Malik Beasley, aliyefunga mitupo 319 ya pointi tatu. Umebadilisha kocha na wapigaji kwa pamoja, utajuaje kilichotibu? Mimi napenda zaidi Oklahoma City Thunder ya 2008/09, kwa sababu kocha alibadilishwa katikati ya msimu. P.J. Carlesimo aliondoka akiwa na ushindi 1 katika mechi 13. Scott Brooks akamhamisha Kevin Durant, wakati huo ana miaka 20, kutoka gadi, anayecheza mbali na kikapu, kwenda nafasi ya fowadi mdogo, iliyo karibu nacho zaidi, akashinda 22 na kufungwa 47. Bado ni timu ya kufungwa. Mwaka uliofuata ndipo waliposhinda 50.

Kwetu rundo kubwa lilikuwa N, na lilivimba kila mara wachezaji wawili wasiojua kupiga mbali walipokuwa uwanjani pamoja: walinzi wao waliwaacha na kwenda kujaza chini ya kikapu. Kocha nilimpelekea daftari, si barua. Hao wawili hawachezi tena kwa wakati mmoja. Taimauti ni agizo moja, na mchezaji mmoja analirudia kwa sauti kabla ya kuingia.

Mazoezini tukaweka wanne kwa wanne bila kudunda, dakika 8, koni kwenye kona zote mbili. Pasi ikitoka huku kona yoyote haina mtu, mpira unakwenda kwa wapinzani. Tulipoondoa koni zote siku moja, vijana walirudi kurundikana, maana macho yao yanafuata mpira. Sasa tunaondoa koni moja, wiki nzima, ndipo ya pili.

N zimepungua. M ziko pale pale, na mitupo huru bado inagonga chuma.