Faili ambalo lilikuwa bado halijazaliwa
Wiki iliyopita nilihamisha msimbo kidogo kwenda src/util, folda ya Mesa (programu huria yenye draiva za kadi za michoro). Nikajenga (yaani kugeuza msimbo kuwa programu) kwenye laptopu yangu, ikakubali. Nikatuma. Kwenye mashine za majaribio ikaanguka; nikabonyeza ijaribu upya, ikapita. Hapo nikajua nimeumia. Kosa la kudumu lina nafuu, hili la kuja na kuondoka ndilo linalonyima usingizi.

src/util ni stoo ya nyumba nzima: majedwali ya hashi, orodha, fomati za pikseli, na ralloc ninayoipenda sana (ukiachilia kumbukumbu ya mzazi, ya watoto inaondoka nayo). Draiva za Intel, za AMD, zote zinachota humo. Ukigusa list.h, faili la orodha, karibu kila kitu kinajengwa upya: nenda kachemshe chai.

Sasa, baadhi ya faili za kichwa (zenye matangazo ambayo faili nyingine huyasoma) hazimo kwenye hazina ya msimbo; skripti za Python huziandika wakati wa kujenga. Mimi nilisahau kutaja kwenye utegemezi idep_mesautil, jina linaloiambia Meson, chombo cha kujengea, isubiri faili hizo. Laptopu yangu ina kori mbili (sehemu za kichakato zinazofanya kazi sambamba), kwa hiyo skripti ilikuwa inamaliza kwanza kila mara. Kwenye mashine ya kori nyingi, kompaila ilifika mezani chakula hakijaiva: faili la kichwa lilikuwa bado halijaandikwa.

Dawa: neno moja kwenye meson.build, faili la maagizo ya Meson. Siku mbili, neno moja!

Bado siitamani Autotools, chombo cha kujengea cha zamani kilichoondolewa Mesa mwaka 2019. Kabla ya hapo, faili jipya uliliandika kwenye Makefile.sources iliyosomwa na Autotools, kisha tena kwenye meson.build, na mimi kila mara nilisahau la pili.