Sajili Jina Kwanza, Tovuti Itafuata

Kila ninaposikia mtu akisema kwamba jina la kikoa, yaani anwani ambayo watu huiandika kuifikia tovuti, atalisajili tovuti ikikamilika, humsihi aache anachokifanya akalisajili siku hiyo hiyo. Majina haya hupewa anayetangulia kuyaomba, na tangu symbolics.com iliposajiliwa tarehe 15 Machi 1985, ikiwa ya kwanza kuishia na .com, majina mafupi yanayotamkika bila shida yamezidi kuadimika.

Hata hivyo, simhimizi mtu awahi kwa kuamini kwamba kikoa chenye umri mkubwa hupendelewa na injini za utafutaji, kwani Google yenyewe imekwisha kulikanusha hilo, na kikoa kilichokaa miaka mitano bila ukurasa wowote hakina cha kutafutwa. Faida ni kwamba mwenye jina anaweza kuweka mapema ukurasa mmoja wenye maelezo ya kweli, watu wakaanza kuuwekea viungo, na roboti, yaani programu ambazo injini za utafutaji hutumia kuzisoma kurasa, zikaufikia kupitia viungo hivyo huku kurasa nyingine zikiendelea kuandikwa. Kama jina liliwahi kuwa na mwenyewe, lichunguze kwanza katika Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za tovuti, usije ukarithi sifa mbaya ya aliyekutangulia.

Tovuti yangu ya kwanza ilikaa wiki tatu bila kuonekana popote, hata nilipotafuta jina lake kamili. Nilikuwa nimethibitisha umiliki katika Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, kwa kuongeza rekodi ya TXT (mstari mfupi wa maandishi) kwenye DNS, yaani mipangilio ya kikoa, nikawasilisha na ramani ya tovuti, yaani orodha ya anwani za kurasa zake (faili moja hubeba hadi anwani 50,000, nami nilikuwa na kumi na mbili!), nikabaki kuilaumu Google. Kumbe wakati wa ujenzi nilitia alama kwenye kile kisanduku cha WordPress, programu niliyojengea tovuti, kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti, na neno noindex lilikuwa limekaa kimya katika kila ukurasa. Nilipoiondoa alama hiyo na kuomba ukurasa wa mwanzo ukaguliwe upya, ulionekana baada ya siku nne.

Wengi huchanganya noindex na faili la robots.txt. Faili hilo huizuia roboti isiusome ukurasa, lakini haliizuii anwani yake kuorodheshwa ikiwa imeunganishwa kutoka kwingine. Na ukiutumia uzuio huo pamoja na noindex, roboti haitaingia ndani kuliona neno hilo.

Usajili wa .com unaweza kulipiwa hadi miaka 10 kwa mara moja, ila mimi hulipia miwili na kuwasha chaguo la usajili kujihuisha wenyewe muda unapoisha. Barua pepe ya kupokea taarifa za msajili, yaani kampuni iliyokusajilia jina, isiwe ya kikoa hicho hicho, kwa sababu kikisimama kwa kuisha muda, nayo huacha kupokea ujumbe, pamoja na ule unaokuonya kwamba jina linakaribia kupotea.