Volti 10.5

Betri mbili za shangazi yangu kule Mwakirunge zilikufa kabla ya kutimiza miezi minane, na aliyeziua ni mimi. Zilikuwa betri za maji, ampea-saa 100 kila moja (ampea-saa ndicho kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri). Niliziunga sambamba zikawa 200 kwa volti 12, na juu ya mabati nikafunga paneli za wati 300. Stima haijafika kwake. Ana taa sita, televisheni, friji ndogo ya volti 12 ya kupozea maji na juisi ya ukwaju anayouza, na blenda.

Matata yaliletwa na blenda. Kila magharibi akisaga maembe, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kawaida wa nyumbani, ilipiga kelele na kuzima. Akanipigia simu: "Mwanangu, mashine yako yazima, na jua limewaka kutwa!" Nikaenda na multimita, kipimo cha volti na ampea. Betri zilipotulia zilisoma volti 12.4. Blenda ilipowashwa ilivuta ampea 45, volti zikaanguka papo hapo hadi 11.7, na kikomo cha inveta, yaani volti ambazo zikishuka chini yake hujizima, kilikuwa 11.8. Basi nikakishusha kikomo hadi 10.5, cha inveta na cha kontrola, kifaa kinachosimamia chaji ya paneli na kulisha friji. Blenda ikasaga bila kukatika. Shangazi akaniombea dua, nikarudi mjini nimeridhika.

Nilichosahau ni kwamba volti inayosomwa betri ikiwa kazini ina sehemu mbili: hali ya betri yenyewe, na volti zinazopotea ndani ya betri na nyaya kwa sababu ya mkondo. Kwa shangazi, ampea 45 zilipoteza volti 0.7. Gawanya, upate ukinzani wa kama omu 0.0155. Friji yake huvuta ampea 5 tu, kwa hiyo inapoteza chini ya volti 0.1. Volti zikisoma 11.4 blenda ikisaga, ongeza ile 0.7 upate 12.1: betri ingali nusu. Friji ikifika 10.5, hakuna kilichobaki humo ndani. Namba nilizoweka kwa ajili ya kazi ya dakika kumi jioni zilitawala saa kumi na nne za usiku, na friji ikanyonya mpaka tone la mwisho. Kisha masika yakaingia, mawingu siku mbili tatu mfululizo, betri zikawa zinalala tupu na kuamka na njaa. Betri ya risasi, kama hizi za maji, ikiachwa hivyo, salfeti hugandamana kwenye bamba zake na kuwa ngumu, na chaji ya kawaida haiirudishi tena. Joto letu la pwani halisaidii.

Safari hii, kabla ya kununua nyingine, nilikaa na kompyuta nikatengeneza jedwali la Excel lenye mistari 24, mmoja kwa kila saa. Kila mstari unachukua ampea-saa zilizobaki, unajumlisha zilizoingia kutoka kwa paneli na kutoa zilizotumika. Hesabu ni nyepesi, ugumu uko kwenye kuwa mkweli kuhusu matumizi. Nililala kwa shangazi siku mbili nikiandika kila alichowasha. Usiku mmoja, kuanzia magharibi hadi asubuhi, ulikula ampea-saa 63: friji 28, televisheni 15, taa 12 na nusu, blenda 7 na nusu. Siku ya jua kali paneli zilileta kama 87, friji ikala 20 za mchana, zikabaki 67. Yaani hata siku nzuri tulikuwa tunafika kwa kuchechemea. Siku ya mawingu mazito nikakadiria thuluthi moja, na baada ya friji zinabaki 9.

Nikaiweka nusu, yaani ampea-saa 100, kuwa mstari usiovukwa, nikaliwekea jedwali betri zilizojaa na mawingu mfululizo. Jibu likaja: usiku wa pili, saa tano hivi, mstari unavukwa. Niliitazama ile saa tano kwa muda mrefu. Ndiyo saa ambayo shangazi alikuwa akilala akiamini kila kitu ki sawa.

Kuna kanuni ya Peukert, Mjerumani aliyeieleza mwaka 1897, kwamba betri ya risasi ikivutwa kwa nguvu hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa. Betri za ampea-saa 200 hupimwa kwa ampea 10 kwa saa 20. Ukizivuta ampea 40 mfululizo, kwa kipeo cha 1.2 (namba ya kanuni hiyo inayoonyesha betri inavyopungukiwa ikivutwa sana), utapata kama ampea-saa 152. Ni kweli, na mwenye pampu ya maji lazima aizingatie. Lakini naona mafundi wenzangu wengi huishia hapo. Kwa nyumba kama ya shangazi, mawingu na friji ya usiku vina uzito zaidi.

Kwa hiyo vikomo sasa ni viwili. Cha inveta, yenye blenda na televisheni, ni 11.4, na shangazi huizima kwa mkono kabla ya kulala. Cha friji ni 12.0, nacho husubiri dakika tatu kabla ya kukata, ili blenda isiikate bure. Halafu tukaweka taima. Friji hufanya kazi mchana tu na kugandisha chupa za maji, na usiku chupa hizo ndizo zinazoshika baridi. Jedwali linasema mstari sasa unavukwa usiku wa tatu wa mawingu.

Shangazi huandika volti kwenye daftari baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijagusa paneli. Wiki iliyopita mawingu yalikaa siku mbili. Asubuhi ya tatu aliandika 12.3, nami nilikuwa nikitarajia hapo hapo. Sasa anataka kuwachajia majirani simu, kumi kwa siku. Nimeziingiza kwenye jedwali: karibu ampea-saa 13. Nimemwambia sawa, Shangazi, lakini ziletwe asubuhi, na baada ya saa nane mchana asipokee simu ya mtu.