"Yes" yangu ilivyomlaza mzee na njaa

Nilikuwa na wiki ya tatu kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Minneapolis. Nesi wa zamu akanikuta koridoni, akaniuliza kuhusu mzee wa chumba cha mwisho: "He hasn't eaten?" Nikajibu, "Yes." Yaani ndiyo, bado hajala. Akaandika kwenye karatasi yake, akapita. Sinia ikarudi jikoni. Saa tatu usiku mzee akabonyeza kengele kuuliza kama siku hizi chakula cha jioni kimefutwa.

Kiingereza nilianza nacho shule ya msingi kule Tanga, na sekondari nikakisoma miaka minne. Hakuna aliyewahi kunitahadharisha na hili.

Nikalipeleka kwenye darasa la jioni la wahamiaji. Mwalimu akaandika ubaoni: "Don't you like tea?" Unapenda chai, sema "yes", huipendi, sema "no". Hiyo "not" iwepo au isiwepo, jibu ni lile lile. Ndipo nikaelewa: Kiswahili hujibu kauli ya muulizaji. "Hujala?" "Ndiyo," maana yake umesema kweli, sijala. Mwingereza hajali kauli yako, anajibu jambo lenyewe, kuliwa au kutoliwa. Mama mmoja Mkorea akapiga meza kwa kicheko. Kumbe kwao nao ni kama kwetu. Tangu hapo nesi simpi neno moja. Namwambia sentensi nzima, "No, he hasn't eaten," hata akiniona mzito.

Swali linalorudi kila wiki darasani ni la "a" na "the". Jamaa yangu wa Bukavu ameshalikatia tamaa, anazitupia tu kama chumvi. Nikamwambia, kaka, mbona sisi tunayo, ila tumeificha ndani ya kitenzi? Ukiniambia "lete kiti", nakuletea chochote, hata cha jikoni. Ukisema "kilete kiti", kuna kiti tunachokijua wote wawili. Hiyo "ki" inafanya kazi ya "the". Ilimsaidia, kiasi. Haielezi kwa nini Waingereza husema mgonjwa yuko "in hospital" na Wamarekani "in the hospital", lakini hayo wamalizane wenyewe.

"He" na "she" sina la kusema. Nikichoka, kila mtu ni "he". Bibi mmoja alinirekebisha taratibu tu, akajishika kidevu akasema bado hajaota ndevu.

Kinachonikera hasa ni kwamba hata kile nilichokishika vizuri shuleni, huku wamekilegeza. Tulichapwa kwa ajili ya "Have you eaten yet?" Hapa wenzangu kazini wanauliza "Did you eat yet?" na hakuna anayechapwa.

Majuzi mama alinipigia, kwao saa moja asubuhi, kwangu saa nne usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujalala?"

"Hapana."

Akanyamaza kidogo.

"Hapana nini sasa? Umelala halafu unaongea na mimi?"